Jina la 41: historia fupi ya orodha zilizofunga pesa ndani ya Ethereum

Wandugu, wiki mbili zilizopita rafiki mmoja wa promosyo yetu alinitumia fishiye ya mistari kama 60 hivi. Yeye alifanya informatike, mimi agronomia, lakini tulikaa nyumba moja miaka tatu, kwa hiyo tunajuana vizuri. Anataka kusaidia kooperative ya wakulima wa kahawa kugawa malipo ya pili, ile tunaitaka risturne, kwa kupitia mkataba erevu juu ya Ethereum. Akaniandikia: "Soma, uniambie kama hesabu ya kilo iko sawa."

Hesabu ya kilo ilikuwa sawa. Kilichonisumbua ni mistari minne ya katikati. Mkataba unachukua safu ya wanachama (yeye anaiita tablo, na siye wote tuliosoma kwa Kifaransa tutaiita hivyo), unaanza kwa jina la kwanza, unamtumia pesa yake, unaenda kwa la pili, mpaka mwisho. Ukisoma haraka unasema: sasa kuna ubaya gani? Kila kesiye anafanya hivyo.

Nilimpigia simu nikamwambia ile njia ilishafunga pesa ya watu zaidi ya mara moja, na nikaahidi kumwandikia historia yake. Nikaona afazali niiweke hapa, maana si yeye peke yake katika siye anayeandika mikataba ya namna hiyo. Mimi si mtu wa informatike. Nilijifunza mambo haya usiku, kwa telefone, kwa kupenda tu. Lakini kuna siku moja niliyoishi mimi mwenyewe ambayo ilinifanya nielewe kitu hiki kuliko maelezo yote, kwa hiyo naanzia hapo.

Nilikuwa kwenye stazi, mwaka wa mwisho wa lisansi, kwa kooperative moja ya milima ya Kalehe. Jina lake naliacha. Siku ya risturne, gari lilifika na pesa saa tatu ya asubuhi. Wanachama 318, wote wako kwenye kiwanja cha stasyo ya kuosha kahawa, na mimi ndiye nilishika kaye ya majina. Prezida alisema tutaita kwa utaratibu, namba moja mpaka 318, na hatuwezi kuruka jina, kwa sababu wenye kutoa pesa wanataka sahihi zifuatane kwenye liste. Tukaenda vizuri mpaka jina la 41. Huyo wa 41 alikuwa amefariki mwezi wa pili. Akatokea mjane wake, akatokea pia mdogo wa marehemu, kila mmoja anasema pesa ni yake. Mabishano yakaanza. Mwami wa kijiji akaitwa, akachelewa. Mvua ikanyesha.

Mama mmoja alikuja mara tatu kuniuliza: "Monitere, jina langu bado?"

"Bado, Mama. Tuko ku makumi ine na moja."

"Na mimi niko wa ngapi?"

"Mia mbili na makumi tisa."

Akanitazama, akaenda kukaa chini ya mti tena. Saa kumi ya jioni gari likaondoka na pesa yote iliyobaki, maana usalama haukuruhusu pesa ilale kule. Watu 277 walirudi nyumbani mikono mitupu juu ya jina moja ambalo halikuwahusu. Gari lilirudi wiki tatu nyuma yake, na ndani ya zile wiki tatu shule zilifunguliwa.

Sasa tuingie Ethereum.

Wazo la mkataba unaojitekeleza juu ya blokcheni lilichukua umbo lake mwishoni mwa 2013, Vitalik Buterin alipoandika maelezo ya Ethereum akiwa kijana wa miaka 19. Bitcoin, iliyoanza 2009, ilikuwa nayo na lugha yake ndogo ya masharti, lakini lugha ile ilinyimwa vitanzi makusudi. Kitanzi ni nini? Ni kuiambia mashine: rudia kazi hii mpaka nikuambie basi. Hatari yake inajulikana tangu 1936, Alan Turing alipothibitisha kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kujua, kwa kila programu, kama itasimama ao itazunguka milele. Kwenye komputa yako ya nyumbani programu ikizunguka milele unaizima, basi. Lakini kwenye blokcheni, kila mkataba unatekelezwa na maelfu ya mashine dunia nzima, na zote zinapaswa kupata jibu moja. Mtu mmoja mwenye ubaya akiandika kitanzi kisicho na mwisho, angesimamisha mtandao wote.

Bitcoin ilijibu: basi hakuna kitanzi. Ethereum ilijibu kwa njia ingine: kitanzi kiko, lakini kila hatua inalipiwa. Hiyo malipo wanaiita gesi, na msisahau kwamba kwa Mmarekani neno hilo ni esansi ya gari, si gesi ya kupikia. Gavin Wood aliandika bei za kila hatua katika waraka wake wa kitaalamu wa 2014, ule unaojulikana kwa rangi yake ya manjano. Kujumlisha namba mbili ni gesi 3. Kuandika kitu kipya kwenye akiba ya kudumu ya mkataba ilikuwa gesi 20,000. Kubadilisha kilichoandikwa ao kukifuta ni 5,000. Unajaza tanki kwanza, gari inaondoka, esansi ikiisha katikati ya njia, safari yote inafutwa kama haikutokea, na esansi uliyochoma hairudi.

Na kuna kitu cha pili ambacho watu husahau. Tanki lenyewe lina ukubwa wake. Kila bloku ina kiwango cha juu cha gesi, na muamala mmoja hauwezi kupita kiwango cha bloku nzima hata ukiwa tajiri namna gani. Ethereum ilipofunguliwa tarehe 30 Julai 2015, kiwango kiliwekwa 5,000 tu kwa bloku, yaani hata kutuma pesa ya kawaida, inayohitaji 21,000, haikuwezekana. Walitaka watu wawashe mashine zao kwanza. Nyuma yake kiwango kikapandishwa mpaka 3,141,592, na mtu aliyesoma hesabu ataona mzaha hapo: ni pi mara milioni. Machi 2016 kikawa 4,712,388, ambayo ni pi na nusu yake. Wataalamu nao wanacheka, lakini namba hii ya mwisho muishike vizuri, ndiyo itakayofunga mlango.

Mwanzo wa 2016 Ethereum ilikuwa kama soko jipya ambalo bado halina polisi. Watu waliandika michezo. Mmoja uliitwa King of the Ether Throne, Mfalme wa Kiti cha Etha. Unalipa bei ya kiti, unakuwa mfalme. Anayekuja nyuma yako analipa zaidi, na pesa yake inaenda kwako kama fidia, kasoro asilimia moja ya mwenye mchezo. Mkataba ulikuwa unamtumia pesa mfalme anayeondoka palepale, wakati mpya anaingia. Februari 2016 wafalme wengine hawakupata fidia yao. Sababu: hawakuwa wanatumia akaunti ya kawaida, walikuwa na pochi ambazo zenyewe ni mikataba. Ile njia ya kutuma ilikuwa inasindikizwa na gesi 2,300 tu, kidogo sana kwa pochi ya namna ile kuamka na kupokea. Pesa ikarudi kwa mkataba, na mkataba haukuangalia kama imefika. Mfalme mpya alivikwa taji, wa zamani akabaki bila kitu. Wenye mchezo waliandika ripoti ya wazi kabisa juu ya kosa lao, na mimi nawaheshimu kwa hiyo, maana wengi katika biashara hii hukimbia.

Mtu angesema dawa ni rahisi: angalia kama pesa imefika, isipofika, simamisha yote. Tazama sasa. Ukifanya hivyo, mtu mbaya anaingia na pochi ambayo makusudi inakataa kupokea. Anakuwa mfalme. Kila anayetaka kumwondoa, malipo yanakataliwa, muamala wote unafutwa, na yeye anabaki mfalme milele. Ni jina la 41, isipokuwa hapa huyu wa 41 amekufa kwa kujipangia.

Mchezo mwingine wa miezi ile uliitwa GovernMental. Ulikuwa piramidi, na haukuficha. Unaikopesha "serikali" angalau etha moja. Serikali inaahidi kukurudishia na faida ya asilimia kumi. Pesa ya wakopeshaji wapya inalipa wa zamani kwa utaratibu waliokuja, sehemu ndogo inaenda kwa mwenye mkataba, ambaye ndani ya programu anaitwa waziwazi tabaka la wala rushwa, na sehemu ingine inawekwa kwenye chungu. Zikipita saa kumi na mbili bila mkopeshaji mpya, serikali imeanguka, na mkopeshaji wa mwisho anabeba chungu chote. Siye Wakongomani tulioona mambo ya Bindo na Masamuna kwa midomo ya wazazi wetu mwaka 1991 hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Aprili 2016 zile saa kumi na mbili zilipita. Kwenye chungu kulikuwa kama etha 1,100. Kwa bei ya siku zile, etha moja chini ya dola 10, haikuwa utajiri wa kushangaza dunia, lakini ilikuwa pesa, na ilikuwa na mwenyewe. Mshindi akaita mkataba umlipe. Ukashindwa. Akaita tena, ukashindwa.

Mkataba, ili umlipe mshindi na uanze mchezo mupya, ulipaswa kwanza kusafisha orodha mbili: orodha ya anwani za wakopeshaji na orodha ya viasi vyao. Katika programu hiyo ilikuwa mistari miwili mifupi tu inayosema, kwa lugha yetu: orodha hii iwe tupu. Hakuna kitanzi unachokiona kwa macho. Lakini Solidity, lugha ambayo mkataba uliandikwa, ikipewa amri hiyo inafanya kazi yenyewe kwa chini: inaenda kwenye kila nafasi ya orodha, moja moja, na kuifuta. Kila kufuta ni gesi 5,000, na kila mkopeshaji ana nafasi mbili. Kazi yote ilihitaji gesi 5,057,945. Kiwango cha juu kilikuwa 4,712,388. Walikosa 345,557.

Fanyeni hesabu ya kalamu. Gesi milioni tano kugawanya kwa 10,000 ya kila mtu: orodha ile haikufika hata watu 510. Ndiyo ukubwa wa kooperative ya kawaida kwetu! Mchezo ulikuwa umefanya kazi bila shida wakati walikuwa watu kumi, hamsini, mia mbili. Hakuna mtu aliyeuvunja, hakuna mwizi aliyeingia. Uliharibika kwa sababu ulifanikiwa.

Kuna kipande kimoja ambacho kiliniuma nilipokielewa. Ethereum wakati ule ilikuwa inalipa zawadi kwa anayefuta vitu: gesi 15,000 ilirudishwa kwa kila nafasi iliyosafishwa, mpaka nusu ya matumizi yote. Kwa hiyo mshindi wa GovernMental angerudishiwa nusu ya gesi yake. Lakini zawadi inatolewa mwisho wa safari, na safari haikuweza kuanza kwa sababu tanki ni dogo. Mkulima yeyote anajua hii. Mkopo wa mbegu utaulipa kwa mavuno, lakini duka la mbegu halikubali mavuno ya mwezi wa saba katika mwezi wa pili.

Wengi wakisimulia mwaka 2016 wanasimulia The DAO, wizi mkubwa wa mwezi wa sita uliogawanya Ethereum mara mbili. Sawa, ule una mwizi, na hadithi yenye mwizi ni tamu. Mimi naona GovernMental inatufundisha zaidi, siye wa vikundi vidogo, maana hatuna pesa ya kuvutia wezi wakubwa. Tuna orodha zinazokua tu.

Kosa lingine la wakati ule ni dogo, lakini siwezi kuliacha. Solidity ya zamani ilikuruhusu kuandika kitanzi bila kusema aina ya namba inayohesabia. Ulisema tu "var", anza kwa sifuri. Lugha ikichagua yenyewe ilichukua namba ndogo kuliko zote, ile ya biti nane, ambayo mwisho wake ni 255. Nyuma ya 255 inarudi sifuri, kama konteri ya zamani ya pikipiki. Orodha yako ikiwa na watu 300, kitanzi kinahesabu mpaka 255, kinaanza upya, hakifiki 300 hata siku moja, mpaka gesi inaisha. Programu inayofanya kazi kwa watu 255 na kufa kwa 256! Ile "var" iliondolewa kabisa katika Solidity 0.5.0, Novemba 2018.

Sasa, jambo ambalo rafiki yangu hakulijua, na mimi pia sikulijua mpaka mwaka uliopita: hata orodha ikibaki ileile, bei inabadilika chini yake. Septemba na Oktoba 2016, wakati wataalamu wa Ethereum walikuwa wamekutana Shanghai, mtu ao watu fulani walianza kuushambulia mtandao kwa kutumia zile hatua ambazo bei yake ilikuwa rahisi kuliko kazi zinazoleta. Mashine zilizidiwa. Dawa ilikuwa kupandisha bei. Kusoma nafasi moja ya akiba, iliyokuwa gesi 50, ikawa 200 mwezi ule wa kumi. Desemba 2019 ikawa 800. Aprili 2021 ikawa 2,100 kwa mara ya kwanza ya kusoma ndani ya muamala. Chukua mkataba wa mwanzo wa 2016 unaopitia majina 1,000 kwa kuyasoma tu, bila kulipa mtu: kusoma kulikuwa gesi 50,000, leo ni 2,100,000. Mkataba hauwezi kubadilika, ndiyo sifa yake, ndiyo tuliambiwa tuupende. Lakini bei inabadilika, na waliokubaliana kuibadilisha hawakuuliza mkataba wako.

Ni kweli bloku nazo zimekua. Toka Agosti 2021 bloku iliweza kufika gesi milioni 30. Kwa hiyo rafiki yangu alinijibu kwenye simu: "Lakini leo kuko nafasi, yaya. Mia tatu ya watu itapita." Itapita, ndiyo. Na ikifika 3,000? Na bei ya etha ikipanda, nani atalipa ule muamala mzito? Tena ukubwa wa tanki si shida peke yake, kwa hiyo nikamwambia habari ya Akutars.

Aprili 2022, Micah Johnson, aliyekuwa mchezaji wa baseball Marekani na akawa msanii, aliuza picha zake za kidijitali kwa mnada wa kushuka: bei inaanza juu, inashuka, na mwishoni kila mtu analipa bei ya chini kabisa. Waliolipa zaidi mwanzoni warudishiwe tofauti. Pengine walioandika mkataba walikuwa wameisoma historia ya GovernMental, ao mtu aliyeisoma aliwaambia, maana kitanzi chao cha kurudisha pesa kilikuwa na breki: kinafanya kazi mpaka gesi milioni 5, kinaandika kimefika wapi, kinasimama, kinaendelea katika muamala mwingine. Vizuri kabisa. Ndivyo ningewashauri mimi.

Lakini ndani ya kitanzi waliacha sharti kwamba malipo ya mtu mmoja yakikataliwa, yote yasimame. Mtu mmoja akaingia mnadani na mkataba uliojengwa kukataa. Marudisho ya wote yakaganda. Huyo mtu hakutaka kuiba. Alisema wazi kwamba anaonyesha kosa, na nyuma ya muda akafungua, watu wakapata pesa yao. Ungezani imeisha.

Haijaisha. Wenye mradi walipotaka kuchukua pesa yao wenyewe, mkataba ulikuwa na sharti lingine: kwanza hesabu ya waliorudishiwa ifikie hesabu ya manunuzi. Hesabu ya kwanza ilikuwa inahesabu wanunuzi. Ya pili ilikuwa inahesabu picha zilizonunuliwa. Mnunuzi mmoja aliweza kuchukua picha zaidi ya moja. Wanunuzi walikuwa 3,669, manunuzi 5,495. Ile ya kwanza ilipofika 3,669 orodha iliisha, na 3,669 haitafika 5,495 hata ungoje miaka mia. Etha zaidi ya 11,500, kama dola milioni 34 kwa bei ya siku ile, zimefungwa ndani, na hakuna mtu duniani mwenye ufunguo. Si mwizi, si gesi. Mtu alichanganya idadi ya watu na idadi ya vitu. Mimi niliwahi kuchanganya idadi ya mashamba na idadi ya wakulima katika memwari yangu, promota akanizungushia kwa biki nyekundu, tukacheka. Hapa biki nyekundu haikuwako.

Njia zilizopatikana za kutoka humo ni za zamani kuliko komputa. Ya kwanza, waandishi wa Solidity waliiweka katika maelezo rasmi ya lugha yao, kwa mfano uliotoka moja kwa moja kwa ule mchezo wa Mfalme: usimtumie mtu pesa, mwandikie deni lake, na aje kuchukua mwenyewe. Yaani gishe. Mkataba haupiti orodha. Kila mtu anakuja siku yake, anapewa yake, na kama mmoja ana mabishano na shemeji yake, anabishana peke yake. Jina la 41 linabaki 41, na mama wa 290 anaenda nyumbani na pesa.

Ya pili ilikomaa kwa kugawa faida kwa watu wengi. Mwaka 2018 Bogdan Batog, Lucian Boca na Nick Johnson waliandika karatasi fupi juu yake, na 2020 SushiSwap ikaitumia mbele ya dunia nzima. Badala ya kupita kwa kila mtu kila faida ikiingia, unaweka namba moja tu: tangu mwanzo, kila kipimo kimoja kimezaa kiasi gani. Mtu akija, unachukua namba ya leo, unatoa namba ya siku aliyoingia, unazidisha kwa alichoweka. Nilipoelewa hii nilicheka peke yangu usiku. Ni ubao wa stasyo ya kahawa! Unaandika pale: kilo moja, franka kadhaa. Kila mkulima ana lisiti yake ya kilo, anajua kuzidisha. Hakuna haja ya kusoma majina 318 ili kusema bei.

Ya tatu ni ya Septemba 2020, Uniswap ilipotaka kuwapa tokeni 400 kila mtu aliyewahi kuitumia, anwani zaidi ya 250,000. Hakuna bloku ingebeba orodha hiyo. Walitumia mti wa Ralph Merkle, wazo la 1979: orodha yote inabanwa kuwa alama moja fupi, hiyo tu inawekwa kwenye mkataba, na kila mtu anakuja na ushahidi wake kwamba jina lake limo. Kwa orodha ya ukubwa ule ushahidi ni hatua 18. Orodha yenyewe mkataba haijui.

Nilimtumia rafiki yangu haya yote, kwa vipande. Siku tatu kimya. Halafu akarudisha fishiye mupya: kitanzi kimeondoka, bei ya kilo imewekwa kama namba moja, na kuna sehemu ya kuchukua. Akaniuliza kama sasa niko sawa.

Sijamjibu vizuri bado, na hii ndiyo sababu nyingine ninaandika hapa, ili mnisaidie. Katika njia ya gishe, anayekuja kuchukua ndiye anayelipa gesi. Wakati wa kitanzi kooperative ililipa safari moja kubwa. Sasa wakulima 318 watalipa safari 318 ndogo, kila mmoja kwa etha ambayo hana, kwa telefone ambayo pengine ni ya mtoto wake. Risturne ya mwenye miti 60 ya kahawa inaweza kuwa ndogo kuliko gesi ya kuichukua. Rafiki yangu anasema kuna minyororo mingine iliyojengwa juu ya Ethereum ambayo gesi yake ni senti tu, na kwamba mtu mmoja anaweza kubonyeza kwa niaba ya wote, mmoja mmoja, kila mmoja muamala wake. Inawezekana. Lakini huyo mtu mmoja anayebonyeza kwa niaba ya wote, mimi namjua. Nilikuwa ni mimi, na kaye mkononi, kwenye mvua.

Jumamosi tunapanda wote wawili mpaka kwa ile kooperative yake, ili kabla ya kuweka kitu chochote aulize wanachama wangapi wana telefone ya intaneti. Mwenye kujua vile wengine walifanya kwa makundi ya mahindi ao ya maziwa, aandike hapa chini kabla ya Ijumaa.